Betri ya mashine ya kukata majani: namna ya kuichagua na kuitunza katika joto la Pwani

Mashine za kukata majani zinazotumia betri si kitu kigeni tena hapa kwetu. Utazikuta kwenye nyumba za wageni za Diani na Watamu, kwenye viunga vya Nyali, kwenye ua wa madrasa, na hata mikononi mwa vijana wanaosafisha makaburi ya mtaa. Hazina moshi, hazipigi kelele za kumwamsha mgonjwa wa jirani, na hazihitaji mtu kubeba galoni ya petroli.

Lakini kuna malalamiko yanayorudi kila mara. Mashine ilinunuliwa kwa pesa nzuri, ikafanya kazi msimu mmoja au miwili, kisha betri ikaanza kuishiwa nguvu baada ya dakika tano. Ukienda dukani kuulizia betri nyingine, unatajiwa bei inayokaribia nusu ya mashine nzima, na pengine zaidi. Mwenyewe anaona ametapeliwa. Wakati mwingine kweli ametapeliwa. Mara nyingi, hata hivyo, betri imeuawa na namna ilivyowekwa.

Makala haya ni ya kuwekwa karibu. Yanaeleza namna ya kusoma namba za betri kabla ya kulipa, namna ya kutambua ya bandia, na namna ya kuitunza ili ifike miaka mitano badala ya miwili.

Ndani ya betri mna nini

Betri ya mashine ya kisasa ni ya lithiamu, ya jamii moja na ile ya simu. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za aina hii mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioziwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Ukifungua kasha la plastiki, utakuta seli ndogo za mviringo zilizopangwa kama mafungu ya betri za tochi. Seli iliyozoeleka zaidi huitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nyingine, kubwa kidogo, huitwa 21700. Kila seli moja ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2.

Pamoja na seli kuna saketi ndogo ya ulinzi. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi, isikamuliwe hadi ikafa, na isipate joto la hatari. Betri nzuri na betri mbaya hutofautiana kwa mambo mawili: ubora wa seli, na ubora wa saketi hii.

Kusoma namba kwenye kasha

Namba mbili ndizo za kuangalia: V na Ah. V ni volti, yaani nguvu ya msukumo. Ah ni ampea-saa, yaani wingi wa umeme uliowekwa ndani. Fikiria tangi la maji juu ya paa: volti ni urefu wa tangi kutoka chini, ampea-saa ni ukubwa wa tangi lenyewe.

Hapa wauzaji huwachanganya watu. Betri ya seli tano zilizoungwa mfululizo ina volti 18 za wastani. Ikijaa inakaribia volti 21. Kampuni moja itaandika 18V, nyingine itaandika 20V, na vitu ni vilevile. Vivyo hivyo, betri ya seli kumi ina volti 36 za wastani, na baadhi ya kampuni huiandika 40V. Ile inayoandikwa 80V kwa kawaida ni 72 za wastani. Basi usilipe zaidi kwa sababu tu umeona 20 badala ya 18.

Kipimo cha kweli ni wati-saa, kinachoandikwa Wh. Unakipata kwa kuzidisha volti za wastani kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Ukitaka kulinganisha mashine mbili dukani, sahau maneno ya muuzaji, piga hesabu hii moja. Baadhi ya mashine hutumia betri mbili za volti 18 kwa pamoja. Hapo jumlisha wati-saa za zote mbili.

Kiwanja chako kinahitaji betri ya kiasi gani

Tuchukue ploti ambayo kila mtu anaijua, ya futi 50 kwa 100. Hiyo ni kama mita za mraba 465. Nyumba, njia ya gari na sehemu ya kuanikia nguo zikichukua nusu, utabakiwa na majani ya mita za mraba 230 hivi.

Mashine yenye mkato wa sentimita 40, kwa mwendo wa kawaida wa kutembea na kugeuka geuka kwenye pembe, hukata wastani wa mita za mraba 12 kwa dakika. Kwa hiyo kazi ni ya dakika 19 au 20. Majani yakiwa mafupi na makavu, mota itakula kama wati 500. Betri ya wati-saa 180 itakupa dakika 21 hivi kwenye karatasi, na kidogo chini ya hapo kwa vitendo. Inatosha, lakini kwa shida.

Sasa subiri mvua za masika zinyeshe wiki tatu bila kukata. Majani yamefika magotini na yana maji. Mota itakula wati 900 au zaidi, na betri ileile itakwisha kwa dakika 12, kabla hujamaliza kiwanja. Mtu hapo husema betri imeharibika. Haijaharibika, imepewa kazi ya punda wawili.

Kutokana na hesabu hii tunapata kanuni tatu za ununuzi:

- Kwa ua mdogo wa chini ya mita za mraba 150, wati-saa 72 hadi 144 zinatosha ikiwa utakata kila wiki.
- Kwa ploti ya 50 kwa 100, tafuta wati-saa 180 na kuendelea, au betri mbili ndogo za kupokezana.
- Kwa robo ekari na zaidi, au kwa kijana anayefanya biashara ya kukata nyumba tano kwa siku, betri moja haitoshi. Nunua mbili kubwa pamoja na chaja ya haraka, au ubaki na petroli kwa sasa.

Kuhusu chaja, angalia ampea zake. Chaja ya ampea 2 itachukua karibu saa tatu kujaza betri ya ampea-saa 5. Chaja ya ampea 5 itachukua saa moja na dakika kidogo. Mwenye ua mmoja hana haraka, chaja ya polepole inamfaa na haichemshi betri. Mwenye biashara anahitaji ya haraka.

Angalia pia mota. Zile zisizotumia kaboni hupoteza umeme kidogo kuliko za kaboni, hivyo betri ileile hukata eneo kubwa zaidi, na hakuna kaboni za kubadilisha.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa pesa: muulize mwenye duka kama anauza betri hiyo peke yake, na akuonyeshe. Kwa kawaida kasha la kampuni moja haliingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Ukinunua mashine ya jina lisilojulikana, na mwakani jina hilo halipo tena sokoni, utabaki na mashine ya kuwekea kuku. Ni afadhali jina ambalo betri yake inaingia pia kwenye drili na msumeno ambao fundi wa mtaani kwako anao.

Betri za bandia na namba za uongo

Kwenye maduka ya vifaa utakutana na betri zenye maandishi makubwa kama 48VF, 88VF au 98VF. Ile herufi F isikupumbaze. Nyingi ya hizo ni betri za seli tano, yaani volti 18 za wastani na 21 zikijaa. Fundi yeyote mwenye mita ya volti atakupimia kwa nusu dakika. Omba ipimwe hapohapo dukani. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakukatalia.

Ujazo pia hudanganywa. Seli ya 18650 iliyo bora kabisa ina ampea-saa 3.5 hivi, na zile za kazi nzito huwa kati ya 2 na 3. Kwa hiyo betri ndogo ya volti 18 yenye seli tano tu za aina hiyo haiwezi kuwa na ampea-saa 6, hata kasha liseme nini. Kufika 5 kunahitaji seli kumi.

Mizani husaidia. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Seli kumi ni karibu nusu kilo kabla ya plastiki na saketi. Ukishika betri inayodaiwa kuwa ya volti 18 na ampea-saa 5, halafu ikawa nyepesi kama boksi la kiberiti, rudisha mezani. Iombe ipimwe kwenye mizani ya duka la jirani ikibidi.

Ikiwa jamaa anakuletea kutoka ng'ambo

Wengi wetu tuna ndugu Uingereza, Marekani, Omani au Dubai, na kumwagiza mtu ni jambo la kawaida. Kuna mambo mawili ya kumwambia kabla hajanunua.

La kwanza ni umeme. Uingereza, Omani na Falme za Kiarabu hutumia umeme unaofanana na wetu na plagi ya miguu mitatu kama yetu. Marekani hutumia volti 120. Chaja nyingi za mashine za bustani za huko hazikubali volti 240, na ukizichomeka ukutani hapa zitapasuka siku hiyohiyo. Mwambie asome kwenye kibandiko cha chaja. Ikiwa umeme unaoingia umeandikwa 100 hadi 240V, ni salama. Ikiwa umeandikwa 120V pekee, aiache, au ujiandae kununua transfoma.

La pili ni ndege. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu betri ya ziada ya lithiamu kwenye sanduku linaloingia tumbo la ndege. Lazima iwe kwenye begi la mkononi. Hadi wati-saa 100 inaruhusiwa kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 ni kwa idhini ya shirika la ndege, na si zaidi ya mbili za akiba. Zaidi ya 160 hairuhusiwi kabisa kwa abiria. Sasa rudi kwenye hesabu yetu: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, inapita. Ile ya volti 36 na ampea-saa 5 ni wati-saa 180, haipiti. Ndugu yako atanyang'anywa uwanjani, na pesa imekwenda. Betri kubwa huja kwa meli, kupitia wakala, na lazima itajwe kwenye hati za mzigo.

Kuchaji

Sahau mawaidha ya zamani. Wako wanaosema betri mpya ichajiwe saa nane kwanza, na wako wanaosema iachwe iishe kabisa kabla ya kuchaji. Maneno hayo yalikuwa na maana zama za betri za nikeli. Betri ya lithiamu haitaki kukamuliwa hadi sifuri. Ukiona nguvu inapungua au taa imebaki moja, acha kazi, toa betri.

Ukitoka kukata majani juani, betri huwa ya moto. Usiitie kwenye chaja. Iweke kivulini dakika 20 au 30 hadi uweze kuishika bila kuhisi joto. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 40 za kuchajia. Chaja nzuri hukataa yenyewe mpaka betri ipoe; chaja mbovu huendelea, na kila safari inakula umri wa betri.

Chaji sehemu inayopita upepo, si juani, si ndani ya gari, wala si juu ya jokofu. Ikijaa, itoe.

Stima yetu tunaijua. Ikipotea na kurudi kwa kishindo, chaja ndiyo inayopigwa. Tumia kifaa cha kulinda umeme kama kile cha jokofu. Wenye sola wanaweza kuchaji bila tatizo, bora inveta iwe ya wimbi safi, na wachaji mchana wakati paneli zina nguvu. Inveta za bei rahisi na jenereta ndogo zisizotulia huunguza chaja.

Gharama ya stima haimuumizi mtu. Kujaza betri ya wati-saa 180 hutumia kama uniti 0.22 ukihesabu na upotevu wa chaja. Hata ukiweka uniti moja kwa shilingi 30, ni chini ya shilingi 7. Pesa za kuhofia ni za betri yenyewe.

Kaskazi ndiyo inayoua betri

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kuanzia Januari hadi Machi mvua hakuna, majani hayakui, na mashine hupumzishwa. Mwenyewe huijaza betri pomoni, huiacha kwenye mashine, na kuifungia kwenye banda la mabati. Ni miezi hiyohiyo ambayo Mombasa hufika nyuzi 32 na 33 kivulini, na ndani ya banda la mabati joto huzidi 40 bila shida. Masika yanapoingia, betri imechoka bila kufanya kazi.

Vipimo vinavyotumiwa sana na wataalamu wa betri vinaeleza hasara hiyo. Betri ya lithiamu ikikaa mwaka mmoja katika nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubakiwa na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikikaa katika joto hilo ikiwa imejaa, hubakiwa na 80. Ikikaa katika nyuzi 40 na chaji ya asilimia 40, hubakiwa na 85. Lakini ikikaa imejaa katika nyuzi 40, hubakiwa na 65 tu. Yaani zaidi ya theluthi imekwenda, na hukukata hata jani moja.

Basi desturi ya kuhifadhi iwe hivi:

- Usiijaze unapoiweka kwa muda mrefu. Iache na taa mbili kati ya nne, yaani karibu nusu.
- Itoe kwenye mashine. Mashine nyingi hunyonya umeme kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa.
- Iweke ndani ya nyumba, chumba chenye baridi kuliko vyote, chini kabisa na si juu ya kabati. Nyumba ya mawe ya kuta nene ni bora mara kumi kuliko banda la mabati.
- Iangalie kila baada ya miezi miwili. Ikishuka hadi taa moja, iongeze kidogo.
- Siku ya kazi ikikaribia, ndipo uijaze.

Wenye mashine kuukuu zinazotumia betri ya asidi kama ya gari, elewa kwamba sheria zao ni kinyume. Betri ya asidi hutaka kukaa imejaa, na ikiachwa nusu kwa miezi huharibika. Mazoea ya betri ya gari ndiyo yanayowapoteza wengi wanapohamia lithiamu.

Chumvi na unyevu

Upepo wa kusi huleta chumvi, na chumvi hula chuma. Vipande vya chuma vinavyopitisha umeme kati ya betri na mashine vikipata kutu ya kijani, umeme hupita kwa shida na joto huongezeka. Mara moja kwa mwezi, na kila wiki kwa walio karibu na ufuo, futa vipande hivyo kwa kitambaa kikavu. Mafundi wa vifaa vya umeme wanayo dawa ya kupuliza ya kusafishia viungio. Tone moja latosha. Usitumie msasa, maana hutoa rangi ya kinga na kutu hurudi kwa kasi.

Usikate majani yenye umande. Subiri hadi saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi yakauke, umalize kabla ya saa tano. Majani makavu hukatika kwa nguvu kidogo, na wewe na betri hamtachemka. Ukiosha mashine, toa betri kwanza, na ni bora upanguse kuliko kupiga maji ya mpira.

Noa kisu. Kisu butu hurarua badala ya kukata, na mota hulipia kwa umeme wa betri. Toa betri kabla ya kugusa kisu. Kidole hakina akiba. Na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Yakiwa marefu, panda juu kwanza, kesho yake teremka.

Moto

Betri iliyopigwa, iliyovimba, iliyoingia maji ya chumvi au iliyofunguliwa na mtu asiyejua inaweza kuwaka bila onyo refu. Moto wake hupanda kwa kasi, moshi wake ni sumu. Fikiria nyumba za makuti, au vichochoro vya Mji wa Kale na Lamu ambako dari za boriti zimepakana. Moto wa betri moja si wa mtu mmoja.

Kwa hivyo usichaji usiku watu wakiwa wamelala, wala chumbani kwa watoto, wala mlangoni ambapo ndiyo njia ya kutokea. Chaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mkeka na mapazia. Usiibebe kwenye begi lenye misumari au funguo. Ikianza kuvimba, kunuka au kutoa mvuke ikiwa kwenye chaja, zima swichi ya ukutani, usiikumbatie kuikimbiza nje kama imeshaanza kuwaka. Toa watu, funga mlango, piga 999 au 112. Maji mengi husaidia kuipoza na kuzuia moto usienee, lakini afya yako ni muhimu kuliko kiti na kabati.

Ikifa kweli, ufanye nini

Kwanza hakikisha. Jaribu chaja nyingine ya aina hiyohiyo. Safisha vipande vya chuma. Wakati mwingine betri iliyokaa sana imeshuka chini mno na saketi ya ulinzi imeifunga. Wako mafundi wanaoistua kwa waya kutoka betri nyingine. Usikubali. Seli iliyoshuka mno hubadilika ndani, na kuichaji kwa nguvu ni kucheza na moto.

Kubadilisha seli kunawezekana, na mafundi hodari tunao. Muulize maswali matatu. Je, seli zote zitakuwa mpya na za aina moja? Je, ni seli za kazi nzito, au ni zile zilizotolewa kwenye laptopu za zamani? Za laptopu hazihimili mkupuo wa mota. Na je, ataziunga kwa mashine ya kuchomelea vibati vya nikeli, au kwa gundi ya risasi na pasi ya moto inayochemsha seli? Akikwambia ataondoa saketi ya ulinzi ili betri iwe na nguvu, chukua mali yako uondoke.

Betri iliyokufa isitupwe jaani wala baharini, wala isichomwe pamoja na taka za ua. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imeweka msingi wa kuwabebesha watengenezaji na waagizaji dhamana ya bidhaa zao zinapokwisha. Mwambie aliyekuuzia aipokee. Akikataa, ziba vichwa vyake kwa tepu, iweke mahali pakavu mpaka umpate anayekusanya taka za kielektroniki.

Hesabu ya mwisho

Tuseme betri ni shilingi 15,000 na unakata mara 20 kwa mwaka. Ikifa baada ya miaka miwili, kila mkato umekugharimu shilingi 375 za betri peke yake. Ikifika miaka mitano, ni shilingi 150. Tofauti hiyo ni ya shilingi 225 kila mara, na unaipata kwa kuitoa betri kwenye banda na kuiweka uvunguni mwa kitanda ikiwa nusu.

Kwa familia, hiyo ni akiba ya maana. Kwa kijana aliyekopa kwenye chama ili aanze kazi ya bustani, huenda ndiyo inayoamua kama mkopo utalipika. Kwa kamati ya msikiti au ya makaburi, ni pesa ya waja iliyowekwa amana. Wanakamati wamkabidhi mtu mmoja betri na chaja, aandike tarehe ya kununuliwa kwenye kasha kwa wino usiofutika, na risiti ihifadhiwe kwa ajili ya dhamana. Mali ya wote isiyo na mwenyewe ndiyo hufa mapema.

Kitunze kidumu. Januari ijayo, kabla hujafunga banda, toa betri kwanza.